Hongo ya Njiani: Skani ya CT na Utambuzi wa Ngiri ya Kinena Mkoani Tabora

Mji wetu wa Tabora ulikulia kwenye mzigo. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo na kuvuka Ugogo ilifika hapa Unyanyembe ikiwa imechoka, ikatua, ikahesabu upya ilichobeba. Wapagazi wa pwani walilipwa wakarudi kwao, wengine wakaandikwa mahali pao, na kutoka hapa njia ziligawanyika, moja ikienda Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, nyingine ikipanda kuelekea Karagwe na Buganda. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipoingia Kazeh, yaani hapa kwetu, mwezi Novemba 1857 waliikuta kazi hiyo ya kutua na kupanga mizigo imeshazoeleka. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba begani frasila mbili hivi, yaani kama kilo 32, na juu ya hizo akaongeza mkeka, chungu na posho yake mwenyewe. Kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, aliyejua kazi yake alijua pia kwamba kila kinachobebwa hulipiwa mara mbili: kwa mabega ya mtu, na kwa hongo. Leo tukisema hongo tunamaanisha rushwa, lakini njiani hongo ilikuwa ushuru wa kupita, vitambaa na shanga alizotozwa msafiri na mtawala wa nchi kabla hajaruhusiwa kuendelea. Ugogo ilijulikana sana kwa hongo. Msafara uliokwama huko ukijadiliana ushuru ulikula akiba yake ukiwa umekaa, na mgonjwa aliyebebwa kwenye machela aliendelea kuumwa huku wengine wakihesabu shanga.

Ninaikumbusha njia hiyo kwa sababu leo ipo safari nyingine inayopita nchi ileile. Ni safari ya mtu mwenye uvimbe kinenani, anayetoka kijijini Sikonge, Kaliua, Urambo au Uyui, akapitia zahanati, kituo cha afya na hospitali ya wilaya, hadi afike kwenye meza ya upasuaji. Mkoa huu una zaidi ya kilomita za mraba 76,000 na, kwa sensa ya mwaka 2022, watu milioni 3.39, na kwa wengi wao safari hiyo si fupi. Katika miaka ya karibuni kimeongezeka kituo kipya njiani, nacho ni skani ya CT. Mgonjwa huiulizia, ndugu zake huitaka, na mtoa huduma hushawishika kuiandika ili awe na uhakika. Hoja yangu ni hii. Ngiri ya kinena hutambuliwa kwa macho na kwa mkono, mgonjwa akiwa amesimama na kukohoa. Skani ya CT ina kazi yake katika ugonjwa huu, na nitaitaja kazi hiyo bila kuipunguza, lakini ni kwa wagonjwa wachache. Tukiigeuza kuwa lango la kila mwenye ngiri, tutakuwa tumeirudisha hongo katikati ya njia, na watakaoilipa kwa uhai wao ni wale wasioweza kungoja.

Tuanze na neno lenyewe, maana hapa ndipo utambuzi unapopotea kabla mashine yoyote haijawashwa. Katika Kiswahili cha mtaani ngiri ni jina pana. Mtu akiumwa chini ya kitovu, akisikia tumbo likinguruma, kiuno kikikaza au nguvu za kiume zikipungua, ataambiwa ana ngiri, na muuza dawa aliyesimama stendi na kipaza sauti ataitaja ngiri pamoja na chango, bawasiri na maumivu ya mgongo, zote kwa chupa moja. Mwingine ataita ngiri uvimbe wa maji kwenye korodani, ambao jina lake ni busha, au ngiri maji. Daktari wa upasuaji anaposema ngiri anamaanisha jambo moja tu: sehemu ya kilichomo tumboni, iwe utumbo au mafuta ya ndani, imepenya mahali padhaifu kwenye ukuta wa tumbo ikatokeza nje. Tofauti hii si ya wanakamusi peke yao. Mwenye maumivu ya kiuno ambaye mtaa mzima umeshamwambia ana ngiri atatafuta picha ya kulithibitisha jina hilo, wakati mwenye ngiri ya kweli, uvimbe uliokwisha kushuka hadi kwenye mfuko wa korodani, amekaa nyumbani akiuficha kwa shuka na kunywa mizizi.

Ngiri ya kinena mara nyingi huanza kabla mtu hajazaliwa. Korodani za mtoto wa kiume huumbwa juu, karibu na figo, kisha hushuka kupitia mfereji wa kinena hadi kwenye mfuko wake, zikifuatana na kijifuko cha utando wa tumbo. Kwa kawaida kijifuko hicho hujifunga. Kisipojifunga, njia imebaki wazi, na siku moja utumbo utaifuata. Aina ya pili huwapata zaidi watu wa umri mkubwa, pale ukuta wa nyuma wa mfereji unapolegea na kusukumwa mbele. Ndiyo maana si sahihi kumwambia mkulima wa tumbaku au mbeba magunia kwamba mzigo peke yake ndio uliomletea ngiri. Mzigo, kikohozi cha muda mrefu na kujikamua chooni huongeza msukumo, na sigara hudhoofisha nyuzi za ukuta, lakini mara nyingi mlango ulikuwepo tangu utotoni. Mabula na Chalya walichapisha mwaka 2012 utafiti kuhusu wagonjwa 452 waliopasuliwa ngiri ya kinena Bugando, Mwanza, hospitali ya kanda ambako wagonjwa wa ukanda huu wa magharibi pia hupewa rufaa. Asilimia 65.5 walikuwa na ngiri ya aina ile ya kwanza peke yake, na wanaume waliwazidi wanawake kwa takribani 37 kwa mmoja. Nitaurudia utafiti huo, kwa sababu ndani yake mna hukumu juu ya jambo tunalolijadili.

Sasa tuutazame mkono ukifanya kazi. Mgonjwa anasimama wima, nguo imeshushwa, mwanga unamwangukia mbele. Mchunguzi anakaa kwenye kigoda, macho yake yakiwa usawa wa kinena, na kwanza hagusi, anatazama. Anamwambia akohoe. Ngiri hutokeza au hukua wakati uleule wa kikohozi, kisha hurudi. Halafu anaweka vidole viwili kinenani, juu kidogo ya kinundu cha mfupa, anamwambia akohoe tena, na vidole husikia kitu kikigonga kutoka ndani. Kama uvimbe umeshuka hadi kwenye mfuko wa korodani, anajaribu kuushika kwa juu. Vidole vikikutana juu yake na kuukuta una mwisho, uvimbe huo ni wa korodani yenyewe. Kwa mtu mzima yaelekea ni busha, na tochi ikiwekwa nyuma yake chumbani penye giza, uvimbe utang'aa kwa wekundu. Vidole visipokutana, kwa kuwa uvimbe unapanda moja kwa moja hadi tumboni, hiyo ni ngiri. Kisha mgonjwa analala. Uvimbe ukirudi wenyewe au kwa kusukumwa taratibu, upasuaji wake unaweza kupangiwa tarehe. Ukigoma kurudi, ukawa mgumu na wa kuuma, na mgonjwa akawa anatapika au hatoi upepo, basi utumbo umebanwa, damu inaweza kukatika, na mahali pake ni chumba cha upasuaji siku ileile. Uchunguzi wote huo ni wa dakika chache, na mahitaji yake ni pazia, tochi na mtu aliyefundishwa.

Historia inautetea mkono huo. Edoardo Bassini alichapisha Italia mwaka 1887 njia yake ya kuushona upya ukuta wa mfereji wa kinena, wakati misafara ya pembe za ndovu ingali ikipita Unyanyembe. Miale ya eksirei ilikuwa bado haijagunduliwa. Wilhelm Röntgen aliigundua mwaka 1895. Skani ya kwanza ya CT kwa mgonjwa ilipigwa London tarehe 1 Oktoba 1971, kwa mashine ya Godfrey Hounsfield, ambaye mwaka 1979 aligawana Tuzo ya Nobel na Allan Cormack, mwanafizikia aliyeanza kulifikiria suala hilo akifanya kazi katika Hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Mgonjwa yule wa kwanza alipigwa picha ya ubongo, na hilo lina maana. Mashine hiyo ilizaliwa ili kuona kisichoweza kuguswa, yaani kilichofungiwa ndani ya fuvu la mfupa. Ngiri ya kinena iko upande wa pili kabisa: ni ugonjwa wa tumbo unaojileta wenyewe chini ya ngozi, mahali ambapo macho yanauona na vidole vinaufikia.

Mtu anaweza kunijibu kwamba jambo kuwa la kale hakulifanyi liwe bora, na jibu hilo ni la haki. Reli ya kati ilipofika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, bega la mpagazi lilipoteza kazi yake, na hakuna anayetamani lirudi. Kwa nini mkono wa daktari nao usipishe mashine? Nasema reli ilichukua mahali pa bega kwa sababu ilibeba kingi zaidi na kwa haraka zaidi. Tuiulize skani ya CT swali hilohilo: katika ngiri ya kinena, inaona zaidi? Mgonjwa wa CT hulala chali, mikono juu ya kichwa, kitanda kikaingia kwenye duara la mashine, na sauti ikamwambia avute pumzi na kuizuia. Kwa ini, figo na mapafu mkao huo unafaa. Kwa ngiri ndogo ni mkao wa kuificha, kwa kuwa ndio uleule anaoutumia mgonjwa nyumbani kuirudisha ndani. Ili kuinasa, mtaalamu wa mionzi hana budi kumwelekeza ajikaze kwa nguvu wakati picha inapigwa, au amlaze kifudifudi. Bila hivyo, picha itaonyesha kinena kitulivu cha mtu ambaye, akishuka kitandani na kufunga mkanda, uvimbe wake utakuwa umerudi.

Takwimu zinasema vivyo hivyo. Uchambuzi wa Robinson na wenzake wa mwaka 2013, uliokusanya tafiti kuhusu ngiri za kinena zilizojificha, yaani zile ngumu ambazo mkono haukuzipata, ulikuta kwamba CT iligundua asilimia 80 ya ngiri zilizokuwepo, na kwa wasio na ngiri ilisema kweli kwa asilimia 65 tu. Ultrasaundi, mashine ndogo, rahisi na isiyo na mionzi, ilipata asilimia 86 na 77. Katika utafiti mwingine wa mwaka 1999, van den Berg na wenzake walilinganisha vipimo na kilichoonekana wakati wa upasuaji. Uchunguzi wa mkono uligundua asilimia 74.5 ya ngiri, na kwa wasio nayo ulisema kweli kwa asilimia 96.3. Tafiti hizo hazikuwapima wagonjwa wa namna moja, kwa hiyo hatuwezi kuziweka mizani moja kama frasila na frasila. Lakini tafakarini asilimia ile 65. Maana yake, kati ya watu 100 wasio na ngiri, 35 wataambiwa wanayo. Sasa mrudie mtu wetu wa maumivu ya kiuno aliyepewa jina la ngiri stendi. Picha itaonyesha mafuta kidogo ndani ya mfereji, jina la mtaani litapata muhuri wa hospitali, na atapasuliwa kwa ugonjwa asiokuwa nao. Upasuaji wa ngiri ni salama ukifanywa kwa sababu sahihi, lakini hauko bila gharama: miongozo ya kimataifa inakadiria kuwa asilimia 10 hadi 12 ya waliopasuliwa hubaki na maumivu ya muda mrefu. Aliyeingia na maumivu yasiyo ya ngiri anaweza kutoka akiwa na aina mbili za maumivu. Tena skani ya tumbo na nyonga humpa mtu mionzi ya millisieverti 8 hadi 10 hivi, wakati mionzi ya asili inayotufikia kwa mwaka mzima ni kama 2.4 kwa wastani wa dunia, na sehemu inayopigwa ni ile yenye viungo vya uzazi. Kwa mgonjwa anayeihitaji, kiasi hicho ni bei inayokubalika. Kwa kijana wa miaka 25 ambaye uvimbe wake unaonekana kwa macho, hakina sababu.

Sasa turudi Bugando. Kati ya wale 452, asilimia 66.8 ngiri yao ilikuwa imeshashuka hadi kwenye mfuko wa korodani. Asilimia 44.7 walikuwa wamekaa nayo zaidi ya miaka mitano kabla ya kufika. Walipofika, 110 uvimbe wao ulikuwa haurudi tena, 84 utumbo ulikuwa umeziba, na 50 ulikuwa umenyongwa, damu haifiki. Ukijumlisha, zaidi ya nusu walikuja wakati ngiri imekwisha kuwa hatari. Asilimia 15.9 ilibidi wakatwe sehemu ya utumbo, na asilimia 9.7, karibu mmoja kati ya kumi, walifariki. Jiulizeni watu hao walikosa nini. Ngiri iliyoshuka hadi kwenye mfuko wa korodani na kukaa miaka mitano haikukosa kuonekana. Mwenyewe aliiona kila asubuhi akioga, mkewe aliiona, na fundi aliyemshonea suruali huenda aliiona. Walichokosa ni upasuaji kwa wakati. Mwaka 2014 Beard na wenzake, wakishirikiana na madaktari wa Tanzania, walikadiria kuwa zaidi ya watu wazima 680,000 nchini wanasumbuliwa na ngiri ya kinena, na kwamba kwa kasi ya upasuaji ya wakati ule wangerundikana karibu milioni moja wanaohitaji kupasuliwa ndani ya miaka kumi. Foleni hiyo haikusababishwa na upungufu wa picha. Kila hatua tunayoiongeza kati ya mgonjwa na kisu cha daktari inaurefusha ucheleweshaji uleule unaowaua.

Pingamizi la kwanza, na ndilo linalogusa moyo, ni la heshima. Watu husema: kwa nini mtu wa Tabora apimwe kwa mkono wakati mwenzake wa Ulaya anapigwa picha? Je, huku si kutupangia huduma ya daraja la pili? Swali hili linastahili jibu lililo wazi. Mwaka 2018 kundi la HerniaSurge, lenye madaktari wa upasuaji kutoka mabara yote, lilitoa miongozo ya kimataifa ya tiba ya ngiri za kinena. Miongozo hiyo inasema kwamba kwa wagonjwa walio wengi sana wenye dalili zinazoeleweka, uchunguzi wa mkono unatosha kuthibitisha ugonjwa. Ultrasaundi huhitajika mara chache, na CT au MRI mara chache zaidi. Mkono basi ni huduma ya daraja la kwanza huko Stockholm kama ulivyo hapa Nzega. Huduma ya daraja la pili ni ile inayompa mgonjwa picha nzuri, ikamrudisha kijijini na bahasha yake bila tarehe ya kupasuliwa.

Pingamizi la pili linatoka kwa wenzetu walioko kazini. Wanasema: mkono wa nani? Tabibu wa kituo cha afya ana foleni ndefu, chumba hakina pazia, mgonjwa anaona haya kuvua nguo, na si kila mmoja alifundishwa vema. Hilo ni kweli, na ndilo tatizo la kushughulikiwa. Lakini mashine hailitibu. Picha ya CT haijisomi yenyewe. Inahitaji daktari bingwa wa radiolojia, na hao ni wachache nchini kuliko matabibu. Msomaji aliye mbali, akipokea karatasi iliyoandikwa maumivu ya tumbo bila kuambiwa mgonjwa ana uvimbe upande gani na unatokeza lini, atasoma picha ya mtu aliyelala chali na kuandika kwamba hakuna kitu. Uchunguzi mbaya huzaa skani mbaya. Kufundisha mkono kuna gharama ndogo, na mkono huo ukishafundishwa hubaki kwenye zahanati na vituo vyetu hata umeme ukikatika. Suala la haya nalo lina dawa: pazia, msindikizaji wa jinsia inayofaa, na maneno ya adabu. Mzee wa Kinyamwezi hakatai kuchunguzwa. Anachokataa ni kudhalilishwa mbele ya watu.

Pingamizi la tatu ni la fedha. Mwaka 2021 Serikali ilipata mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa shilingi trilioni 1.3 kwa ajili ya mapambano dhidi ya UVIKO-19, na sehemu yake ilinunua skani za CT kwa hospitali za rufaa za mikoa. Mashine zipo, wanasema watu. Kuziacha bila kazi ni hasara. Lakini nani amesema hazina kazi? Kijana wa bodaboda aliyeanguka na kupoteza fahamu, mama aliyepooza upande mmoja ghafla, mtu anayeshukiwa kuwa na saratani ya kongosho: hao hawana mkono wa daktari wa kuwasaidia, kwa sababu ugonjwa wao umefichwa na mfupa au uko ndani kabisa. Kila ngiri iliyo wazi inayopitishwa kwenye mashine inasogeza mbele zamu ya mmoja wao, na inaichakaza mashine ambayo matengenezo yake ni ghali. Tunapoijenga Bima ya Afya kwa Wote, ambayo Bunge liliipitishia sheria mwaka 2023, tukumbuke kuwa fedha zitakuwa na kikomo. Shilingi iliyolipia skani isiyobadilisha uamuzi haitalipia uzi, ganzi wala kitanda.

Pingamizi la nne nalipokea karibu lote. Kuna wagonjwa ambao mkono huwashinda. Mwanamke mwenye kinundu kidogo chini ya kinena anaweza kuwa na ngiri ya paja, inayopita kando ya mshipa mkubwa wa paja, ndogo kwa sura na kali kwa tabia, maana hunyonga utumbo upesi. Kwa wanawake tusiridhike haraka. Mtu mnene sana hufunika dalili. Aliyewahi kupasuliwa na kuwekewa wavu, kisha maumivu au uvimbe ukarudi, ana makovu yanayopotosha vidole. Bibi mzee aliyekonda anayetapika na kuvimba tumbo bila uvimbe wowote wa nje anaweza kuwa na ngiri iliyopenya kwenye tundu la mfupa wa nyonga, ambayo hakuna mkono unaoifikia. Mwingine uvimbe wake mgumu unaweza kuwa tezi au saratani. Hapo skani ya CT inastahili kila shilingi: inaonyesha utumbo umeziba wapi, inatofautisha ngiri ya pembeni mwa mishipa ya ukuta wa tumbo na ile ya upande wa ndani, na inaonyesha kama kilichoingia mfukoni ni utumbo, kibofu au kidole tumbo. Ngazi basi ni hii: mkono kwanza; ikibaki shaka, ultrasaundi, mgonjwa akisimama na kukohoa; ikibaki shaka bado, au tumbo likiziba bila sababu kuonekana, CT. Na hata kwenye ngazi hiyo kuna sharti moja lisilovunjwa: ngiri iliyobana, ngumu, yenye kuuma na kutapisha, haipelekwi chumba cha picha kungoja zamu.

Lipo pia pingamizi la tano, la wasomaji wa majarida. Marekani mwaka 2006 Fitzgibbons na wenzake walichapisha utafiti wa wanaume 720 wenye ngiri isiyowasumbua sana, wakakuta kwamba kungoja bila kupasuliwa kulikuwa salama. Ngiri zilizobana ghafla hazikufika mbili kwa kila miaka 1,000 ya ufuatiliaji wa wagonjwa. Kama kungoja ni salama, skani inadhuru nini? Utafiti huo ni mzuri na sina ugomvi nao. Lakini waliongoja walichaguliwa kwa kuwa na dalili ndogo, walifuatiliwa, na ngiri ikibana hospitali iliwafikia haraka. Waliofika Bugando walikuwa na ngiri zilizoshuka hadi chini, za miaka mingi. Kwa mtu wa Kaliua ambaye barabara yake inafunikwa na maji masika, kungoja si mpango wa tiba. Saa, ngiri inapobana, huhesabiwa kwa umbali wa kijiji chake kutoka kwenye meza ya upasuaji.

Fedha na jitihada, kama tunazo, tunajua pa kuziweka. Mashariki mwa Uganda, Löfgren na wenzake waliwapasua wanaume 302 kwa kuwawekea wavu, nusu wavu wa kiwandani wa bei ghali, nusu wavu wa bei nafuu wa aina ya chandarua uliotakaswa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kuwa baada ya mwaka mmoja ngiri ilikuwa imerudi kwa mtu mmoja tu. Bugando, katika utafiti ule wa 2012, aliyewekewa wavu alikuwa mmoja kati ya 452, na ganzi ya sehemu, ambayo humwezesha mgonjwa wa ngiri ya kawaida kurudi nyumbani siku hiyohiyo, ilitumika kwa asilimia 1.1 tu. Hapo ndipo penye pengo. Siku maalumu ya ngiri kila wiki katika hospitali ya wilaya, madaktari waliofundishwa ganzi ya sehemu, wavu nafuu uliothibitishwa na mamlaka, na tabibu wa zahanati mwenye uwezo wa kuandika kwenye karatasi ya rufaa maneno haya, ngiri ya kinena kulia, inarudi, apangiwe upasuaji: hayo yataokoa watu wengi kuliko skani elfu moja za vinena ambavyo tulishaviona.

Kwa hiyo ninawaomba wanafunzi mliokaa mbele wajibu mmoja mdogo. Kabla ya kuandika skani kwa mtu mwenye uvimbe kinenani, jiulizeni: jibu likija ndiyo, nitafanya nini? Likija hapana, nitafanya nini tofauti? Kama yote mawili yanaishia kwenye upasuaji uleule, karatasi hiyo ni hongo, na anayeilipa ni mkulima aliyeuza debe la mahindi ili apate nauli. Na ninyi wananchi, mkifika hospitali mkaambiwa simama, kohoa, lala, msidhani mmedharauliwa. Hapa Unyanyembe misafara ilitua ili ipime mzigo kwa mkono, iamue kipi kiende na kipi kibaki, ndipo ifike ziwani. Mwenye ngiri naye anastahili mtu wa kumpima kwa uangalifu huo, amwambie ukweli siku hiyohiyo, na amwandikie tarehe ya kupasuliwa.